Nilijiita Dada wa Mume Wangu Ili Bima Ilipe

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili. Ninaishi Tunduma na ninauza mchele kwa jumla. Wateja wangu wengi wanavuka mpaka kutoka Nakonde. Naandika haya nikiwa sijatulia kabisa... Tangu asubuhi nimepanga magunia stoo, nimeyapangua, nimeyapanga tena! Lakini nitajitahidi kueleza kwa mpangilio, maana bila mpangilio hakuna atakayeniamini.

Mume wangu namwita Baba Neema. Tulioana kimila kwetu Mbozi, mahari ikatolewa na wazee wa pande zote wakashuhudia. Baada ya miaka kadhaa tukanunua gari, Noah ya mkononi. Mimi nilitoa fedha za mchele, yeye akauza kipande cha shamba la kahawa alichorithi. Kadi ya gari ikaandikwa jina lake. Ningekataaje? Si alikuwa mume wangu?

Gari likaanza kubeba abiria, Tunduma hadi Mlowo. Tulipokwenda kukata bima, wakala alitueleza vizuri tu. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako lenyewe likipata ajali, kwa gari la abiria ni ghali. Ya gari la familia ni nafuu sana, kwa sababu gari la familia halishindi barabarani.

Mume wangu akacheka. "Mama Neema, gari ni hili hili, barabara ni ile ile. Libebe abiria au libebe shangazi zako, lenyewe linajua?"

Nami nikacheka. Tukakata ya familia, na kilichobaki nikaongezea mtaji wa mchele. Jamani... nilijiona mjanja kuliko wenye magari wote wa stendi!

Ajali ilitokea siku ya mvua, karibu na Mpemba. Lori lilikuwa limeharibika barabarani. Dereva wake alikuwa ameweka matawi ya miti nyuma kama tahadhari, lakini maji yakayasomba. Noah yetu ikaingia chini ya lori upande wa kushoto. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Abiria wa nyuma walitoka na michubuko, wakadandia gari jingine wakaenda zao. Aliyeumia ni mwanamke aliyekaa mbele. Alivunjika nyonga.

Nilipofika hospitalini Vwawa nilimkuta mume wangu mzima. Akanivuta pembeni. Akanieleza kuwa askari wa usalama barabarani alipomuuliza yule mwanamke ni nani, yeye aliogopa kusema ni abiria. Akasema ni mke wake.

"Imeshaandikwa hivyo," akaniambia. "Nikigeuza maneno sasa hivi, bima hawatoi hata shilingi. Gari limekufa, Mama Neema!"

"Na mimi je, ni nani?"

"Wewe utakuwa dada yangu. Ni siku chache tu."

Nikakubali. Nilifikiria ule mchele wote uliogeuka kuwa gari, na gari lililogeuka kuwa bati. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Yule mwanamke aliitwa Sekela, mfanyabiashara wa maharage kutoka Isongole. Kila siku nilimpelekea uji. Na kwa kuwa mtu wa bima angekuja kumhoji, nilikaa kando ya kitanda chake nikimfundisha kuwa mke wa mume wangu. Ndiyo, mimi mwenyewe! Nilimwambia mume wangu anapenda kula nini, alizaliwa kijiji gani, watoto wanaitwa nani.

Siku moja nikaanza kumweleza habari za mama mkwe. Nikasema, "Mama yake anakaa Igamba, ni mtu mzima..."

"Na mguu unamsumbua, maskini," Sekela akadakia. "Ule wa kulia."

Kijiko kikasimama mkononi mwangu. Nikamuuliza amejuaje.

"Si alinisimulia njiani, wifi."

Wifi! Kutoka Tunduma hadi pale Mpemba hata redio haimalizi taarifa ya habari. Ni dereva gani anayemsimulia abiria mguu wa mama yake, tena kwa kutaja ni upi?

Nilijua... Hapo hapo nilijua! Wodi ilikuwa imejaa watu. Ningeweza kusimama nikapiga kelele dunia nzima ikasikia. Lakini nikawaza: kwanza gari, haya mengine tutayamaliza nyumbani. Nikamfuta mdomo, nikaendelea kumlisha.

Wiki iliyofuata mtu wa bima alimhoji Sekela hospitalini, kisha akaja nyumbani kwetu. Watoto nilikuwa nimewapeleka Igamba ili wasije wakaniita mama mbele yake wakamwita na mwenye gari baba. Mjumbe wa mtaa nilikuwa nimemwomba sana, na kwa huruma tu akakubali kukaa sebuleni kama shahidi wetu. Mgeni alikuwa kijana mpole. Nilimpa chai. Akaniuliza mimi ni nani wa mwenye gari, nikasema dada yake. Akauliza, "Na wewe dada, mume wako yuko wapi?"

Nikamjibu, "Sina mume."

Mjumbe akainamisha kichwa. Baba Neema akanywa chai.

Bima ikalipa. Mume wangu akaaga kuwa anakwenda Mbeya kutafuta Noah nyingine. Gari alilipata kweli... ila kwangu halikufika! Ni bodaboda mmoja aliyekwenda Ileje ndiye aliyeniambia ameliona huko Isongole likipakia abiria, na mbele amekaa mwanamke mwenye mkongojo. Nikampigia simu mume wangu huku nalia. Unajua alinijibu nini?

"Si ulisema mwenyewe huna mume?"

Akakata.

Nikaenda kwa Mjumbe. Alinikaribisha vizuri, lakini akaniambia, "Mama Neema, nikuteteeje? Nikisema wewe ni mke, nitakuwa niliwadanganya bima. Nikisema si mke, nakudhulumu wewe na watoto. Umenifunga mikono, mama." Nikaenda kwa msaidizi wa sheria. Akasema haki yangu ipo na mashahidi wa mahari wapo, ila kabla ya kudai chochote itabidi nieleze kwa nini nilidanganya. Na nikieleza, huenda nikashtakiwa pamoja naye.

Miezi imepita nikizunguka na jambo hili. Nakwenda sokoni, narudia njiani. Nafungua duka, nafunga. Neema ananiuliza baba anarudi lini...

Sasa nimeamua. Jumatatu napanda basi kwenda Mbeya, kwenye ofisi ya bima iliyotulipa. Nitasema mimi ni nani. Najua mchele wangu hautarudi, na gari huenda nalo likachukuliwa. Kama ni kufungwa, mama mkwe ameniambia watoto watabaki kwake.

Wenzangu mnaosoma, hasa akina mama mnaonunua magari na waume zenu, nawasihi! Kateni bima ya kazi ambayo gari linafanya kweli, hata kama inauma. Kadi iandikwe majina yenu wote wawili. Na siku mtu akikuambia ujikane kwa siku chache tu ili fedha ipatikane, mwambie fedha na ikosekane. Niombeeni Jumatatu.