Geti la Juu la Askerdale

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 1987. Wapo katika ukoo wa Sugden wanaosema ilikuwa Jumapili, lakini wanakosea. Jumapili Thirza Sugden alikuwa kanisani akipiga kinanda kama kawaida yake, na waliokuwepo wanakumbuka kwamba alipotea mara mbili katikati ya wimbo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu usichana wake.

Jumamosi ilianza vizuri tu. Thirza alikata keki ya matunda, akaweka kipande cha jibini juu ya kila kipande, akajaza chai kwenye chupa. Mumewe Hedley alikuwa amemaliza wiki tisa tangu apasuliwe kifua hospitalini Leeds, na daktari alikuwa amemwambia atembee. Si sana, lakini atembee. Mfukoni alibeba kichupa cha kahawia chenye vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Thirza alikihakikisha kabla hawajatoka, kisha akakihakikisha tena ndani ya gari.

"Kipo," alisema Hedley. "Kilikuwepo dakika tano zilizopita, na bado kipo. Hakina miguu."

Hakuwa mtu wa kuuguzwa. Alikuwa ametumikia miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha sufu cha Keighley, ambako mashine ilimpinda kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikabaki kimetazama nje. Kwa wiki hizo tisa mkewe alikuwa akimfungulia makopo, akimfungulia milango, akimvalisha koti. Hedley alinuna kila mara. Akishikiwa mlango alisimama palepale mpaka mwenye kuushika auachie, ndipo aufungue mwenyewe na kupita.

"Wewe siku moja utawashikia mlango wezi wa benki," alimtania mkewe. "Na utawaambia waangalie kizingiti."

Ni kweli kwamba Thirza alikuwa hivyo. Hakuweza kupita mlangoni bila kutazama nyuma kama kuna mtu.

Kwenye kibanda cha tiketi cha jumba la kale la Askerdale, ambalo wageni hulipa kutembea kwenye nyika yake, alikaa Bi Edna Raistrick, ambaye mama yake na bibi yake walikuwa wafanyakazi wa jumba hilo. Aliwakatia tiketi, akawaonyesha njia ya kupanda nyikani na ya kurudia.

"Mtashukia geti la juu, lile la kwenye ukuta wa mawe," alisema. "Pale kila mtu ajifungulie. Msishikiane geti."

"Hata mume wangu?" Thirza aliuliza.

"Hasa mumeo, mama."

"Kwa nini?"

Bi Edna alipanga chenji mezani. "Ndivyo tulivyokuta."

Hedley alicheka mpaka akashika kifua. "Umesikia, mke wangu? Hatimaye mtu mwenye akili."

Walipanda polepole. Nyika ilikuwa imemaliza kuchanua, vichaka vyake vifupi vimegeuka rangi ya kutu, na maji meusi yalisimama kati ya mafungu ya nyasi. Kwale waliruka kwa kelele mbele yao. Hedley alitembea vizuri kuliko alivyotarajiwa. Walikula keki wakiwa wamekaa juu ya jiwe, akasimulia kichekesho cha zamani cha kiwandani. Thirza hakukisikia vizuri. Alikuwa akihesabu pumzi za mumewe.

Saa tisa alasiri, walipokuwa wakiteremka, ukungu ulishuka. Haukuja kwa mbali. Ulikuwepo tu, kana kwamba mtu ameifunika nyumba kwa shuka.

Hedley alisimama. "Tangulia. Nakojoa."

"Nitakusubiri."

"Thirza, nimekojoa mwenyewe kwa miaka hamsini na minane. Tangulia."

Akatangulia. Hatua thelathini hivi, na ukuta ukajitokeza mbele yake, na geti ndani ya ukuta. Lilikuwa geti la mbao nzito, lenye jiwe lililoning'inizwa kwa mnyororo ili lijifunge lenyewe. Alinyanyua komeo, akapita. Akasikia viatu nyuma yake vikikanyaga tope. Vilikuwa vya mtu mzima, vikija polepole. Mkono wake ulilishika geti kabla hajafikiri lolote.

Akapita mtu. Koti la kahawia, kofia ya Hedley. Harufu ya sufu iliyolowa. Bega lake liligusa bega la Thirza, na lilikuwa baridi.

"Hata asante?" alisema Thirza.

Hakujibiwa. Amenuna, akawaza, kwa sababu nimemshikia. Akaliachia geti, jiwe likashuka, komeo likalia. Mtu yule alikuwa ameshika njia kuelekea bondeni bila kugeuka.

Ndipo sauti ikasema, nyuma ya geti:

"Thirza. Nifungulie."

Alisimama.

"Nani?"

"Nani tena? Mimi."

Ilikuwa sauti ya Hedley. Ilikuwa ya chini, imekatikakatika, lakini yake. Juu ya ukuta palikuwa na weupe tu. Thirza aligeuka kutazama njia. Mgongo wa koti la kahawia ulikuwa bado unaonekana. Ulikuwa ukififia.

"Fungua mwenyewe," alinong'ona.

"Siwezi."

Neno hilo ndilo lililomtisha. Katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumsikia Hedley akisema siwezi. Hakulisema kazini, hakulisema hospitalini. Komeo lilinyanyuka kidogo, likaanguka. Likanyanyuka tena. Likaanguka.

"Nifungulie, mke wangu. Tafadhali."

Wala hakuwahi kumwomba amfungulie kitu chochote. Si mume wangu huyu, akawaza. Mume wangu yuko mbele, na moyo wake mbovu, peke yake kwenye ukungu. Akakumbuka maneno ya kibandani. Kila mtu ajifungulie.

Akakimbia kuteremka.

Nyuma yake hakuitwa tena. Alisikia viganja vikipiga mbao. Mara mbili. Kisha mara moja.

Alimkuta chini, kando ya gari lao dogo la kijani, ametulia, wala hahemi. Uso ulikuwa wa Hedley, na kidole kilikuwa kimepinda. Kibanda cha tiketi kilikwisha fungwa. Thirza alitaka kulia kwa furaha. Akauliza kama amesikia kitu kule juu.

"Nini?" alisema yeye.

Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa gari. Thirza akaufungua, mumewe akaingia. Haikumshangaza. Funguo alikuwa nazo Thirza, kwa kuwa daktari alikuwa bado hajamruhusu Hedley kuendesha.

Walifika Keighley jioni. Thirza alishusha kikapu, akaingia ndani, akaweka birika jikoni. Mlango wa mbele ulikuwa umejifunga nyuma yake kwa upepo. Maji yalichemka. Akamimina vikombe viwili. Akaita. Alipochungulia dirishani alimwona mumewe amesimama nje mbele ya mlango ambao haukufungwa kwa ufunguo, mikono kando, uso umekaribia mbao. Alikuwa akisubiri.

Akamfungulia. Naye akaingia. Hakununa.

Thirza alirudi jikoni, akashika ukingo wa meza. Kule getini, alipomshikia, mtu yule alipita moja kwa moja. Hedley asingepita. Hedley angesimama palepale, akamtukana kidogo, akangoja jiwe lishuke, ndipo afungue mwenyewe. Na kifua kikimbana kweli, mikono ikaishiwa nguvu, ndipo pekee, mara moja tu maishani, angesema siwezi.

"Kichupa chako kiko wapi?" aliuliza kutoka jikoni.

"Kichupa gani?"

Jumanne alirudi Askerdale, ndiyo siku kibanda kilipofunguliwa tena. Bi Edna alimtazama usoni, akavaa koti lake bila kuulizwa. Walipanda pamoja. Getini, upande wa nyika, nyayo zilikuwa bado kwenye tope: mbali na za Thirza mwenyewe, safu moja tu, kutoka pale Hedley aliposimama hadi kwenye mbao. Hazikuendelea. Hazikurudi. Chini ya komeo, kwenye nyasi zilizolala, kulikuwa na kichupa cha kahawia chenye jina la Hedley Sugden. Kizibo kilikuwa kimefungwa bado.

Thirza aliita jina la mumewe mpaka sauti ikakauka.

"Uliyemshikia," alinong'ona Bi Edna, "yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Anakula?"

"Anakula."

"Basi usimwulize kitu, mama. Na usimwache nje."

Angemwambia nani? Polisi wangekuja nyumbani na kumkuta Hedley kitini, na jina lake, na kovu lake kifuani. Hakuna aliyemtafuta, kwa sababu hakuna aliyepotea. Daktari alishangaa jinsi moyo ulivyopona. Mtu yule aliishi miaka kumi na tisa zaidi, mpole, asiye na vichekesho, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa ukoo aliyemwona akifungua mlango. Alisimama mbele yake. Alingoja. Watoto wa ndugu walidhani ni mchezo, wakamfungulia.

Thirza alimpikia, akamfulia, akamzika. Haya aliyaeleza mara moja, kwa mdogo wake wa kike, jikoni, maji yakiwa yamefunguliwa kwenye bomba ili sauti isitoke. Kichupa kimo kwenye kisanduku chake cha ushonaji. Vidonge vyote vimo.

Kila Oktoba, mpaka magoti yalipomkatalia, alipanda hadi geti la juu, akalifungua na kulishikilia kwa saa nzima. Hakupita mtu.

Geti lile lilioza, likabadilishwa mwaka 1996 kwa mbao mpya za mwaloni. Majira ya kuchipua yaliyofuata, upande wa nyika, kwenye urefu wa kifua cha mtu mzima, zilionekana alama mbili za viganja ambamo kuvu haioti. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimetazama nje. Fundi alizipiga randa zikatoka. Zikarudi. Zimekwisha kupigwa randa mara nne, na kila zirudipo huwa chini kidogo kuliko mwanzo. Aliyekwenda kuzitazama mwaka jana ilimbidi apige magoti.