Mate ya Kidoti

Walikutana kwenye foleni ya kliniki ya watoto, watu wamebanana hadi mlangoni. Mtafiti alikuwa na koti jeupe juu ya gauni la bluu. Alikuwa akikusanya mate ya watoto wanaokatika pumzi usingizini, ili maabara yake itafute alama ya ugonjwa huo katika jeni. Kinyozi, mjane mtanashati, alikuwa amempakata bintiye, Kidoti.

"Tema humu, mrembo," mtafiti akambembeleza mtoto.

"Na mimi nisiteme?" baba akachokoza.

"Wewe umri umekupita, baba."

Wakapeana namba, na hapo ndipo simu zilipoanza, asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, kipenzi. Kidoti kaamkaje?"

"Mzima."

Hakuwa mzima, ila mwanamume alikuwa anaogopa kulisema.

Mchana mmoja, miezi kadhaa baadaye, Kidoti alisinzia kwenye kiti cha saluni ya baba yake, akakoroma, kisha akanyamaza kabisa. Midomo ikawa bluu. Kinyozi alitupa mashine chini na kumtikisa mwanawe mpaka pumzi ikarudi. Akampigia mtafiti simu.

"Majibu yametoka?"

"Majibu gani, mpenzi?"

"Ya mate! Daktari alitaka Kidoti atolewe mafindofindo, mimi nikamwambia nasubiri majibu yako!"

Mtafiti alishtuka. "Sisi hatumpi mtu majibu. Tunafuta majina, tunabakiza namba. Hata mimi sijui ya Kidoti ni yapi. Mkimbize hospitali sasa hivi!"

"Miezi yote hii unaniacha nisubiri hewa?" Akakata simu.

Mtafiti alimkuta kinyozi nje ya chumba cha upasuaji, Kidoti akiwa ndani anatolewa mafindofindo; shati la baba limejaa nywele za wateja, macho mekundu. Mtafiti alitamani kumkumbatia, akaogopa.

"Siku ile kliniki nilidhani umeelewa kwamba mate ni ya utafiti tu," alisema. "Nisamehe. Kila namba yenye kasoro nikiiona, nadhani ni yeye. Nami naogopa, mwenzangu."

"Mjinga ni mimi," kinyozi akanong'ona. "Nilikuona unajua kila kitu. Asipoamka je?"

Mtafiti akamshika mkono, wakakaa hivyo, hakuna aliyethubutu kutazama mlango.

Mlango ukafunguka. "Kidoti kaamka, anapumua vizuri," alisema muuguzi. "Waingie wazazi tu."

Kinyozi alisimama. "Baba ni mimi. Na huyu..." Akamtazama mtafiti. "Huyu ni mama yake, akikubali."

"Nimekubali," mtafiti alisema huku akilia. "Twende kwa mtoto."