Uzi Mwekundu wa Mwalimu Jilala

Kila Jumamosi asubuhi, Shamila na Recheli walitoka Ipuli pamoja kwenda kulenga shabaha. Njia nzima ilikuwa umbea na vicheko.

Klabu yao ilikuwa na bunduki mbili za upepo, zimefanana kama mapacha. Tofauti ilikuwa kwenye kifyatulio. Cha moja kilivutwa kwa hatua mbili: unavuta taratibu mpaka kinagota, unatulia, unalenga vizuri, ndipo unamalizia. Cha pili hakikuwa na kugota. Ukivuta kidogo tu, risasi imetoka. Mwalimu Jilala, kocha wao, alifunga uzi mwekundu kwenye ile ya hatua mbili ili watoto wasichanganye.

Wote wawili walizoea yenye uzi. Nafasi ya kwenda mashindano ya Igunga ilikuwa moja.

Siku ya mchujo kila mmoja alipewa risasi tatu. Shamila alitangulia, akapata alama ishirini na nne. Alijua Recheli huwa anapata zaidi ya hapo. Mwalimu alipokwenda kubadilisha karatasi ya shabaha, Shamila aliufungua uzi haraka bila mtu kumwona, akaufunga kwenye bunduki nyingine.

Recheli alilala chini, akavuta akingojea kugota. Pwa! Risasi ikaingia mchangani.

"Mwalimu, imefyatuka yenyewe!"

"Yenyewe, au umeogopa?" wenzake wakamcheka. "Mkono wa kusongea ugali huo!"

Mwalimu aliutazama uzi, akaamini ni ile ya hatua mbili. "Tulia, mwanangu. Zimebaki mbili."

Lakini hofu ilishamwingia. Zote mbili zilikwenda kando.

Jioni nyumba ya kina Shamila ilijaa majirani waliokuja kumpongeza. "Mwizi akithubutu kuja Ipuli, tunakuita wewe!" alitania Bi Tatu, na watu wakaangua kicheko. Ndipo Recheli akaingia, macho mekundu, mkononi ana kofia yake.

"Igunga jua kali, uvae hii. Mimi naacha. Mkono wangu haufai."

Shamila alishindwa kuipokea. "Mkono wako mzima, Recheli. Mimi nilihamisha uzi."

Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja, Bi Tatu wa kwanza.

Kesho yake walikwenda kwa Mwalimu. Aliwasikiliza, akamwambia Recheli, "Nisamehe. Nilipaswa kukijaribu kifyatulio mwenyewe." Recheli alirudia, akapata ishirini na saba, akaenda Igunga. Shamila alisimamishwa muhula mzima.

Aliporudi klabuni, Recheli alimsalimia vizuri. Lakini kabla ya kulenga, alikijaribu kifyatulio bila risasi, ingawa uzi ulikuwepo. Shamila akageuka kufuta machozi.

"Amekusamehe," Mwalimu alimwambia taratibu. "Ila ule uzi ulikuwa neno langu kwenu, nawe ukaligeuza uongo. Ukimdanganya mtu kwa kitu anachokiamini, ataanza kukipima kila mara. Usimlaumu. Wewe kuwa mkweli leo, na kesho, na Jumamosi ijayo. Kidole chake kitasahau, lakini polepole."