Jiwe la Pangoni

Asubuhi ile Ghalia alilikuta jiwe limelowa, na kibomba cha kunyunyizia kilikuwa kikavu. Alilifuta, akaenda zake kazini.

Mumewe, Hafidh, alikuwa na wazimu wa mawe. Alifundishwa na Mjapani aliyefanya naye kazi: unaokota jiwe lenye sura ya mlima, hulichongi hata kidogo, unachonga kigoda cha mbao kilifuate umbo lake, kisha unalinyunyizia maji rangi itoke, unakaa, unalitazama. Nyumba yao ya Walthamstow, London, ilikuwa na mawe mengi kuliko sufuria, na Ghalia akimtania kwamba ameolewa na mwashi. Hili jipya, jeusi la kijani lenye mishipa myeupe, Hafidh alilitoa Pemba alipokwenda kumzika mama yake.

Likaanza kunuka marashi. Halafu alasiri moja, kiza cha majira ya baridi kimeshaingia, Ghalia akasikia sebuleni kitu kizito kikijisogeza juu ya mbao, kikitulia kila anapotulia, kikianza tena kila anapovuta pumzi, na alipochungulia alimwona Hafidh amekaa mbele ya jiwe, chai ya moto imemmwagikia pajani, inafuka moshi, naye hajui.

Ganzi ya Hafidh ilianzia vidoleni, ikashuka miguuni. Daktari alipima sukari, hakuiona. Ghalia aliogopa sana, maana London nzima hakuwa na mtu mwengine.

"Bwana, hili jiwe umelitoa wapi?" alinong'ona.

"Pangoni. Palikuwa na mayai na chupa ya marashi." Hafidh hakugeuza macho. "Lilikuwa zuri, Ghalia."

Mpemba gani asiyejua kwamba mayai na marashi pangoni ni sadaka ya jini? Hafidh alijua. Tamaa ya macho tu ilimshinda.

Ghalia alimwita Maalim Msabaha, akaja kutoka Thornton Heath, upande wa pili wa London, akafukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Jiwe likatoka jasho.

"Lina mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Lirudi, na aliyelichukua alirudishe kwa mkono wake."

Ghalia akamwambia miguu ya Hafidh haimbebi, atampa binamu yake wa mji mwengine anayekwenda Pemba. Maalim alivaa viatu vyake, akaenda zake.

Binamu alilipeleka, akapiga simu kwamba limerudi pale pale pangoni. Harufu ikaondoka. Ghalia akalala usingizi wa kushiba. Hafidh alibaki kitini, anakitazama kigoda kitupu, mpole, anajibu pole pole.

Ijumaa Ghalia alimletea bakuli amsaidie kutawadha. Alimmiminia maji mkononi, na maji hayakuchuruzika. Ngozi iliyanywa, na rangi ikatoka: weusi wa kijani wenye mishipa myeupe, ule ule wa jiwe.

"Ongeza," alisema Hafidh.

Ghalia alitaka kupiga kelele, akautafuta woga wake asiupate. Alikijaza kibomba, akamnyunyizia kichwa na mabega, kisha akavuta kiti, akakaa, akamtazama.