Bosi Ameingia Ofisini

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni, watu wanasukumana kwa viwiko, na mama mmoja mshonaji alikuwa mbali kimawazo hata akamkanyaga mtu wa mbele yake. Alipoinua uso kuomba radhi, mtu huyo alikuwa ameshageuka. Aliyemkanyaga alikuwa mumewe.

Hawakuwa wameonana tangu wamzike mtoto wao. Mume huyo, fundi wa miwani aliyezoea kupiga pasi hata soksi, siku hiyo alivaa shati lililokunjamana, kola imelala upande. Mkono ulimwasha mke kuinyoosha. Akaung'ang'ania mkoba wake.

"Usingizi bado unakukimbia?" mume aliuliza, akiitazama karatasi ya daktari aliyoishika mkewe.

"Na wewe?"

"Mimi na usingizi tulishapeana talaka."

Zamani mke angecheka mpaka ashike mbavu.

"Nasikia kesho unatoa ushahidi," mume aliendelea kwa sauti ya chini. "Usinionee huruma. Nilimsahau mwanangu ndani ya gari, juani. Waache wanifunge."

"Polisi uliwaambia nini?"

"Hivyo hivyo. Nilisahau."

"Na nililokuambia asubuhi ile?"

"Hukuniambia kitu, mpenzi." Akachukua dawa zake na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Mshonaji alimtazama mpaka akapotea mlangoni. Kumbe siku zote hizi, wakati kaka yake akimjaza maneno kwamba mwanamume yule hana hata chozi, mwenzake alikuwa akimfichia maneno yake ya asubuhi ile.

Mtoto wao walimwita Bosi, maana aliitawala nyumba nzima kwa kidole. Kila asubuhi baba alimpeleka kwa walezi, na akishaegesha gari kazini, kabla hajashuka, alimpigia mama.

"Bosi ameingia ofisini."

"Mshahara wake?"

"Busu moja, atalipwa jioni."

Ulikuwa upuuzi wao, na waliupenda. Kisha wakagombana, tena juu ya rangi ya pazia. Walilala wamepeana migongo, wakaamka wamenuniana. Mama akampakia Bosi kiti cha nyuma, amesinzia, akamwambia mumewe, "Leo usinipigie. Sitaki kusikia sauti yako."

Njiani mume alipigiwa simu kwamba mteja ameshafika na duka limefungwa. Akanyoosha moja kwa moja kazini bila kupitia kwa walezi, kichwa kimejaa hasira na haraka. Akaegesha. Hakupiga simu. Mama naye, kwenye cherehani, aliona simu imenyamaza akasema moyoni, acha anune.

Kesho yake baada ya kukutana kwenye foleni, mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka alimuuliza mke kwa upole, "Mama, mumeo alikuwa mzembe?"

Alimtazama mumewe kizimbani. Mume akatikisa kichwa taratibu, kumkataza.

"Alisahau, na mtoto wetu amekufa," alisema. "Siwezi kulifuta hilo. Lakini kila siku alikuwa akinipigia kuniambia mtoto amefika. Siku ile nilimkataza. Angeishika simu ile, angemkumbuka. Nami niliona kimya, nikashona tu. Kama kuna kosa, nusu yake ni yangu."

Kaka yake akanyanyuka akatoka nje. Fundi miwani, aliyesemwa kuwa hana chozi, aliinamia ukingo wa kizimba akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mbele ya watu wote.

Hakimu alipokuja kutoa hukumu, alimtia hatiani, akampa kifungo cha nje. Alisema sheria ina adhabu, lakini hakuona ya kuongeza juu ya ile waliyokwisha kuipata.

Hawakuondoka pamoja. Mume alirudi kwenye chumba alichopanga, mke akarudi kwenye nyumba yenye pazia lile lile. Alilichukia, ila hakuwa na nguvu ya kulitoa.

Asubuhi iliyofuata simu iliita, saa ile ile ya siku zote. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Nimefika kazini," mume alisema, kisha akashindwa kuendelea. Mke alimsikia akihangaika kuvuta pumzi ndani ya gari. Wote wawili walilia, simu sikioni.

"Naona nikuache ushone," mume alisema mwishowe.

"Baba Bosi."

"Naam."

"Nipigie na kesho."