Neno la Mgeni wa Kigwa

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, wenzake Najiat walikimbilia uwanjani au nyumbani, lakini yeye alibaki darasani. Siku hizo Mwalimu Gaudensia alifundisha klabu ya Kifaransa, na alikuwa na namna yake mwenyewe ya kufundisha. Hakuandika neno moja pekee ubaoni. Aliliandika pamoja na ndugu zake wa lugha nyingine.

"Unga," alisema siku moja. "Kifaransa, farine. Kitaliano, farina. Kireno, farinha. Kihispania, harina, na hiyo h haitamkwi. Mnaona nini?"

"Ni ndugu, Mwalimu," alijibu Najiat. "Ila Kihispania kimedondosha f."

"Vizuri. Ni kama Mnyamwezi anaposema munhu na Mswahili akasema mtu. Asili yao ni moja. Tena lugha hizi zina ngeli kama zetu, ila zao ni mbili tu, ya kike na ya kiume. Unga ni wa kike kwa zote nne." Kisha Mwalimu akaandika neno mbwa: chien, cane, cão. Akamalizia na perro. "Huyu wa mwisho hafanani na wenzake hata kidogo. Na yapo maneno yanayofanana sura kama mapacha, kumbe kila moja lina maana yake. Kwa hiyo ukishafananisha, hakikisha."

Najiat aliupenda mchezo ule wa kufananisha kuliko masomo yote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, binti wa Mzee Abdulatifu, fundi cherehani wa Tabora mjini. Haikupita miezi mingi akaanza kujisifu kwamba anajua lugha nne za Ulaya. Ukweli ni kwamba Kifaransa alikijua kidogo, na hizo nyingine alizibahatisha.

Shule ilipofungwa alipanda treni hadi Kigwa, kwa shangazi yake Swaumu aliyeuza chai na chapati kando ya barabara. Shangazi hakuficha fahari yake. Kila mteja aliyekaa kwenye benchi aliambiwa, "Huyu mtoto wa kaka yangu mnamwona hivihivi. Anaongea lugha nne za Wazungu." Najiat alitabasamu tu, akaendelea kusukuma chapati.

Asubuhi moja pikipiki ilisimama ghafla mbele ya banda. Dereva alikuwa Lugembe, kijana wa palepale kijijini.

"Mama Swaumu, yule mtoto wa lugha yuko wapi?" aliuliza huku akihema. "Kuna mama wa Kizungu kaanguka na baiskeli kule bondeni. Nimemfikisha zahanati, lakini hakuna anayemwelewa. Kiingereza hajui."

"Nenda, mwanangu," alisema Shangazi, akijifunga kanga vizuri. "Leo ndiyo leo."

Zahanati ilikuwa karibu. Najiat alimkuta mgeni amelazwa kitandani, uso umejaa vumbi na jasho, goti limevimba na kuchubuka. Simu yake ilikuwa mezani, kioo kimevunjika. Nesi Benedikta alikuwa ameishika simu yake mwenyewe, akijaribu kutafuta tafsiri, lakini intaneti ilizunguka tu bila kufungua chochote.

"Shikamoo, Nesi," alisema Najiat.

"Marahaba. Nimeambiwa wewe unaweza. Pasipoti yake inaonyesha ni Mhispania, anaitwa Marisol. Muulize anaumwa wapi."

Najiat alifikiri haraka. Maumivu kwa Kifaransa ni douleur, kwa Kitaliano dolore. Basi Kihispania kitakuwaje? "Dolor?" alijaribu.

Uso wa mgeni ukang'aa. "Sí, dolor," alijibu, akaonyesha goti, kisha akaonyesha chini ya tumbo. Nje ya dirisha watu waliokusanyika walinong'ona kwa mshangao, na sauti ya Shangazi Swaumu ikasikika, "Si niliwaambia?" Najiat akajiona amekua ghafla.

Mgeni alimshika mkono, akamtazama usoni. "Estoy embarazada," alisema taratibu.

Neno hilo Najiat alilitambua mara moja. Kwa Kifaransa, embarrassée ni mtu aliyeona haya. Maneno hayo yalikuwa mapacha kabisa. Akaitikia kwa kichwa, "Sí, sí," na mgeni akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Amesemaje?" aliuliza Nesi.

"Anasema anaona haya."

"Kuanguka si aibu," alisema Nesi, akavunja kichupa cha dawa na kuivuta kwenye bomba la sindano. "Nitamchoma ya maumivu, kisha nimsafishe goti. Lakini kwanza muulize kama ana mimba. Sindano hii hatuwachomi wajawazito."

Kwa Kifaransa Najiat alijua: enceinte. Alilitamka kwa sauti ndogo. Mgeni alikunja uso, hakuelewa. Kwa Kihispania wanasemaje? Alipekua kichwani, hakupata kitu. Dirishani nyuso zote zilimwelekea yeye. Ilikuwa rahisi kusema, "Sijui, Nesi." Maneno mawili tu. Lakini watu wangecheka, na Shangazi angeinamisha kichwa.

"Anasema hana," alijibu.

Nesi alilowanisha pamba kwa spiriti. Mgeni, kwa kuwa aliamini ameeleweka, alilala kwa utulivu na kuweka kiganja tumboni. Akamtazama Najiat, akatabasamu kwa shida. "Es mi primer hijo," alisema.

Primer. Bila shaka ni ndugu wa premier, wa kwanza. Na lile jingine lililosikika kama "iho" ni nini? Najiat akakumbuka unga ulivyopoteza f yake. Akajaribu kuirudisha mahali pake. Kitaliano ni figlio. Kifaransa ni fils. Mwana.

Mwanangu wa kwanza.

Najiat akautazama ule mkono wa mgeni uliokuwa tumboni, kisha akaitazama sindano. Huenda anakosea tena, alijiambia. Huenda mwana huyo yuko kwao Hispania. Nesi aliinama, akapaka spiriti pajani.

"Nesi, subiri," alisema Najiat. Sauti ilimtoka nyembamba. "Usimchome."

"Kuna nini?"

"Nimekudanganya. Sikumuuliza vizuri. Sijui mimba wanaiitaje. Na sasa nadhani anasema ana mtoto tumboni, lakini sina hakika." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Mimi sijui Kihispania."

Nesi Benedikta alisimama wima, sindano ikiwa juu, akamkazia macho. Kisha akaiweka kwenye sinia.

"Nani anayejua?" aliuliza.

"Mwalimu wangu."

Shangazi Swaumu alipitisha simu yake dirishani. Namba ya Mwalimu Gaudensia Najiat aliijua kwa kichwa. Iliita hadi ikakatika. Walipiga tena, na mgeni, ambaye sasa alikuwa ameshtuka kwa kuyaona machozi ya mtoto, alianza kuuliza maswali kwa kasi. Hatimaye Mwalimu akapokea, na Najiat akamweleza kwa kwikwi.

"Neno la kwanza alilokwambia ni lipi?" aliuliza Mwalimu.

"Embarazada."

Mwalimu alivuta pumzi. "Maana yake ni mjamzito, Najiat. Alikwambia tangu mwanzo. Weka spika niongee naye."

Waliongea. Marisol alieleza kwamba mimba ilikuwa changa, na kwamba tangu aanguke alikuwa na maumivu chini ya tumbo. Mumewe alikuwa ametangulia Tabora kutengeneza baiskeli yake. Walikuwa wanaifuata njia ya zamani ya misafara hadi Ujiji. Angeweza kulirudia neno lile mara nyingi, lakini mtoto alipomwitikia "Sí, sí," alidhani tayari ameeleweka.

Nesi alimpa mgeni dawa isiyo na madhara kwake, akaita gari la wagonjwa. Lilichelewa. Marisol alimng'ang'ania Najiat mkono muda wote, na kila alipokunja uso kwa maumivu, Najiat alihisi kama yeye ndiye aliyemuumiza. Gari lilipofika, Nesi alimwambia apande pia, na Shangazi akapanda naye.

Hospitalini mjini walimkuta Mwalimu Gaudensia akisubiri mlangoni. Aliingia na mgeni chumba cha vipimo, mlango ukafungwa. Najiat na Shangazi walikaa kwenye benchi la ukumbini.

"Umekasirika, Shangazi?" aliuliza.

"Nilikasirika," alijibu Shangazi Swaumu. "Halafu nikakumbuka nani alikuwa akikutangaza barabarani. Mimi nilikuvika kanzu kubwa kuliko mwili wako, nawe ukaona haya kuivua. Tumekosa sote."

Mlango ulipofunguliwa, Najiat hakuthubutu kusimama. Mwalimu alikuja akaketi kando yake.

"Mapigo ya moyo ya mtoto yanasikika vizuri," alisema. "Mama atapumzika hapa siku chache, kisha hapandi baiskeli tena. Mumewe yuko njiani."

Najiat alifunika uso kwa mikono, akalia upya. Mwalimu alimwacha alie mpaka akatulia.

"Kufananisha si kosa," akamwambia. "Bila kufananisha usingeijua maana ya hijo, na sindano ingechomwa. Lakini kukisia ni kubisha hodi tu. Unasubiri mwenye nyumba akukaribishe, huingii ukaanza kupanga vyombo. Leo ulikosea neno, na kila anayejifunza hukosea. Lililotaka kuleta maafa ni kusema unajua wakati hujui. Aliyekiri hajui, watu humtafutia msaada. Aliyejifanya anajua, nani atamsaidia?"

"Nimeelewa, Mwalimu. Naweza kumwomba radhi?"

Mwalimu akampeleka. Najiat alisema kwa Kiswahili, Mwalimu akatafsiri, na Marisol akamvuta karibu na kumfuta shavu. Kisha akamuuliza kitu kirefu, akimtazama yeye mwenyewe. Ndani ya maneno yale Najiat alisikia mawili matatu yenye sura aliyoizoea. Akaanza kufungua kinywa, akakifunga. Akamgeukia Mwalimu.

"Kwa Kihispania, 'sielewi' wanasemaje?"

"No entiendo."

Najiat akamgeukia mgeni, akalitamka taratibu, bila kuona haya. Marisol akacheka kidogo, akarudia swali lake polepole, neno moja moja.