Aliyezikwa Akiwa Kwangu

Mimi ni fundi viatu. Siku ile nilikuwa kibarazani nabadilisha soli, huku nikimtania mpwa wangu kwamba anakula kuliko mwenye nyumba. Kwao walimfukuza kwa kosa la kuimba kwenye harusi ya jirani, akaja kukaa kwangu. Shemeji yangu, mume wa dada, ana dini yake kali: majirani kwake ni najisi, ndugu ni majaribu, na hodi yangu mimi haikuitikiwa miaka mingi. Mwanawe alipotoka, baba akatangaza kwamba kijana amekufa. Wakachimba kaburi uani, wakazika viatu vyake, vile nilivyomshonea kwa mkono wangu. Nilicheka niliposikia. Sasa sicheki.

Kijana alitaka kitu kimoja tu: mama yake amwite "mwanangu". Mchana ule nikafunga kazi, tukaenda.

Mtaa ulikuwa na kelele zake za kila siku, ila nyumba ile kimya. Kaburi la uani lilikuwa limetitia katikati. Nikadhani ni mvua.

Dada yangu alifungua mlango kidogo tu. Alikuwa amekonda hadi nikaona huruma.

"Mama, ni mimi," kijana akasema.

Dada alinigeukia mimi, akaninong'oneza kwamba mwanawe alikwisharudi, usiku uleule wa maziko. Ametubu. Anasali kuliko wote, na baba yake amemruhusu kula nao.

Nikachungulia juu ya bega lake. Shemeji na mabinti zake walikuwa mezani, wameinamisha vichwa. Kiti cha kijana kilikuwa na mtu. Uso sikuuona. Niliona viatu. Mshono ulikuwa wangu. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Dada, mwanao huyu hapa."

"Najua," akanong'ona, machozi yakimtiririka. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini yule hawezi kufukuzwa."

Sauti ikamwita mama kutoka mezani. Ilikuwa sauti ya mpwa wangu, naye kasimama hapa kando yangu, mdomo kaufumba.

Dada akageuka. "Naja, mwanangu."

Mlango ukafungwa.

Kijana alilia njia nzima, ila sikusikia kilio. Mpaka leo hana sauti. Daktari kamwangalia koo, anasema ni zima kabisa.

Asubuhi hii nilikuwa namtandikia kitanda. Kwenye shuka, kando ya alipolala yeye, palikuwa na tope bichi, lenye umbo la mtu aliyelala.